Kuitwa na Kujiita: Nafsi, Ukoo na Mtaa katika Historia ya Ngarenaro

Mzungumzaji wa Kiswahili anapojitambulisha kwa mgeni, mara nyingi hasemi kwanza yeye ni nani. Husema anaitwa nani. Kitenzi hicho kimebeba kiambishi cha kutendwa, -w-: jina ni tendo la wengine juu yake. Lugha hiyohiyo ina kiambishi kingine, -ji-, kinachomrudishia mtu tendo lake mwenyewe: kujiita, kujiona, kujitambua, na kwa bahati mbaya, kujidharau. Swali la namna mtu anavyopata taswira ya nafsi yake linakaa kati ya viambishi hivyo viwili.

Mwaka 1902 Charles Horton Cooley, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza kuwa mtu hujiona katika macho ya wenzake kama ajionavyo katika kioo. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliweka jamii mbele ya mtu binafsi: mtu yupo kwa kuwa wenzake wapo. Wahenga walikwisha kulisema hilo kwa maneno matatu: mtu ni watu. Hata hivyo, kauli hizi zinaacha jambo moja bila jibu. Je, mtu huwaje pale watu wanaomzunguka wanapomwita kwa majina yasiyopatana? Historia ya Ngarenaro, mtaa wa zamani katika jiji la Arusha, inatoa mfano unaofaa kuchunguzwa.

Jina la mtaa lenyewe ni ushahidi. Limetokana na Kimaa, enkare narok, yaani maji meusi, ambalo ni jina la mto. Wamasai huuita Mlima Meru Oldoinyo Orok, mlima mweusi. Mzizi wa sifa ni uleule, ila kiambishi chake hubadilika kwa kufuata jinsia ya nomino. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao lugha yao hupendelea silabi zinazoishia kwa irabu, waliidondosha k ya mwisho. Hivyo basi mahali hapa paliitwa kwa Kimaa na panatamkwa kwa Kiswahili. Wakazi wake wengi nao ndivyo walivyo.

Waarusha wenyewe si watu ambao utambulisho wao uliteremka ukiwa umekamilika. Walitoka Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro, wakahamia miteremko ya Mlima Meru katika miaka ya 1830. Walizungumza Kimaa kama Wamasai, lakini walishika jembe. Katika karne ya 19 waliwapokea Wameru na wageni wengine, wakawapa ukoo na kuwaingiza katika marika yao. Wameru nao, ambao lugha yao ni ya Kibantu na iko karibu na Kichaga cha Machame, waliuchukua mfumo huo wa marika. Mwanahistoria Thomas Spear ameyaeleza haya kwa kina. Funzo lake kwa mwanaisimu ni kwamba lugha na asili havikuwa ukuta. Kijana aliyetahiriwa pamoja na wenzake aliitwa kwa jina la rika lao, na baada ya muda alijiita hivyo.

Ndani ya boma la familia, mtoto alifinyangwa mapema zaidi. P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi nyumba za wake wa mume mmoja zilivyogawanywa pande mbili, kila upande ukiitwa olwashe. Mtoto alijua upande wake kwa kufuata nyumba ya mama yake, na ndugu wa upande huo walikuwa watetezi wake wa kwanza katika shauri. Alipomwendea mzee aliinamisha kichwa ili aguswe utosini. Mzazi naye alipoteza jina lake mbele ya jina la mwanawe: menye fulani, baba wa fulani, ng'oto fulani, mama wa fulani.

Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Wameru. Wajerumani walilipiza kisasi kwa vita na kupora mifugo, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wamejenga boma la kijeshi ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mji uliokua kandokando yake uliwaleta askari, wachuuzi na vibarua kutoka pande nyingi, na miji ya kikoloni iliwagawa wakazi kwa rangi: uzunguni, uhindini, uswahilini. Ngarenaro ilihesabiwa uswahilini. Neno Mswahili, ambalo pwani lilikuwa na fahari yake, huku bara lilianza kumaanisha pia mtu wa mjini asiye na kwao, na hata mjanja wa kutoaminiwa.

Kimaa nacho kilikuwa na neno lake. Dorothy Hodgson, katika utafiti wake juu ya Wamasai wa Tanzania, amefuatilia neno ormeek. Awali lilimtaja asiye Mmasai. Wakati wa ukoloni likawa shutuma kwa Mmasai aliyesoma, aliyebatizwa au aliyefanya kazi serikalini. Hatimaye vijana walianza kulikubali, kwani elimu ilikuwa imegeuka kuwa silaha ya kutetea ardhi. Neno lile halikubadilika umbo. Kilichobadilika ni mwenye kulitamka.

Wameru walifanya jambo linalofanana mbele ya ulimwengu. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini jina lililokuwa katika daftari za watawala lilikuwa limesemwa na wenyewe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilijengwa juu ya maneno mawili ya kutazamwa kwa makini: Ujamaa na Kujitegemea. La kwanza limetokana na jamaa, la pili limebeba -ji-. Sensa ya mwaka huohuo ilikuwa ya mwisho kuwauliza wananchi makabila yao. Dola iliacha kuuliza, majirani hawakuacha.

Tuseme mtoto amezaliwa Ngarenaro, baba Mwarusha na mama Mpare. Mtaani huamkia shikamoo, na mama yake huitwa Mama Fulani, umbo lilelile la ng'oto katika vazi la Kiswahili. Akipanda mlimani kwa koko, bibi yake mzaa baba, huinamisha kichwa kimya kwa kuwa Kimaa kinampiga chenga, na huko huitwa Mswahili. Akirudi mjini, mwenzake akitaka kumkejeli humwita Mwarusha. Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto huyu hakuiacha asili. Hakuna aliyemfundisha, na sasa anahukumiwa kwa deni la wakubwa.

Wajibu wa familia na shule, kwa hiyo, si kumchagulia jina moja na kumnyang'anya mengine. Kumfundisha mtoto Kimaa hakumpunguzii Kiswahili, na kumheshimu Mswahili wa uswahilini hakumvunjii heshima mzee wa mlimani. Waarusha wa karne ya 19 walimpa mgeni ukoo na rika kabla ya kumdai uaminifu. Mtoto aliyepewa maneno ya pande zake zote ataitwa mengi maishani, naye atakuwa na la kujiita. Aliyenyimwa atabaki katika kiambishi -w-, akingoja wengine wamwambie yeye ni nani.