Dakika Moja Ina Bei Gani?

Safari Rally ya 1973 iliisha sare. Magari mawili, yote Datsun, yalirudi Nairobi kila moja likiwa na alama 406 za adhabu. Siku hizo hesabu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kuishi: ukichelewa kufika kituo cha ukaguzi kwa dakika moja, unakula alama moja. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Geuza hizo 406 ziwe dakika, unapata saa 6 na dakika 46. Maelfu ya kilomita za matope, vumbi na mawe, halafu timu mbili zinalingana mpaka dakika ya mwisho.

Sasa mshindi anapatikanaje? Waamuzi walirudi kwenye karatasi za muda na kuuliza swali moja: kati ya hawa wawili, nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza? Jibu lilikuwa Shekhar Mehta, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews. Harry Källström wa Sweden akabaki wa pili. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, na familia yake ilikuwa imefukuzwa na Idi Amin mwaka mmoja tu kabla. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Lakini ushindi wa kwanza ulitoka kwenye karatasi na saa. Hakuna aliyeuona kwa macho barabarani.

Ndiyo maana nikiona siku hizi watu wakizungumza kuhusu saa za mkononi za zamani za mbio za magari kana kwamba ni bangili, huwa nataka kuwarudisha kwenye ile karatasi.

Saa yenyewe inaitwa kronografu. Ni saa ya kawaida iliyobebeshwa kazi ya pili. Pembeni ina vitufe viwili, kimoja juu ya kichwa cha kutilia ufunguo, kingine chini. Bonyeza cha juu, mshale mrefu wa sekunde unaanza kukimbia. Bonyeza tena, unasimama. Bonyeza cha chini, unarudi sifuri. Vile visahani vidogo usoni vinahesabu dakika na saa ambazo mshale umekimbia. Muda wote huo saa ya kawaida inaendelea na shughuli zake, haijali.

Kisha kuna ile duara ya namba pembezoni, takimita. Wengi hudhani ni urembo. Kumbe ni jedwali la kugawanya. Saa moja ina sekunde 3,600. Zigawe kwa sekunde ulizotumia kukata kilomita moja, unapata mwendo wako. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 30 ni 120. Hauhitaji hesabu kichwani, mshale unakuonyesha namba yenyewe.

Jaribu hii ukiwa kwenye matatu kutoka Narok kwenda Bomet. Ukishapita Mulot, ukikaribia Longisa, washa saa ya kupimia kwenye simu yako na ufuate kilomita moja kwenye ramani. Sheria ya Kenya inamtaka dereva wa matatu asizidi 80, na 3,600 gawanya kwa 80 ni 45. Kwa hivyo kilomita ikiisha kabla ya sekunde 45, dereva wako amevunja sheria, hata kama kidhibiti mwendo kinasema vingine. Hiyo ndiyo kazi ambayo takimita ilitengenezwa kufanya, na unaifanya ukiwa umebanwa kati ya gunia na mama mwenye kuku.

Longisa naitaja kwa sababu. Leo iko kaunti ya Bomet, na wengi wanaijua kwa ile hospitali ya rufaa. Lakini Bomet ilikatwa kutoka Kericho mwaka 1992. Kabla ya hapo, Longisa, Sotik, Bomet na mji wa Kericho vyote vilikuwa wilaya moja. Na wilaya hiyo ilitoa watu wawili ambao maisha yao yalipimwa kwa vipande vidogo sana vya muda.

Wa kwanza ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho Februari 1932. Kabla hajawa bingwa alikuwa makanika, kisha akawa askari-doria wa kwanza wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, yule jamaa anayekuja kukuokoa gari likikufia njiani. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Halikuwa gari jipya la kiwandani. Akashinda tena 1974 na 1976, mara zote mbili na Mitsubishi Colt Lancer, David Doig akiwa msoma ramani. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Rekodi yangu pendwa si hizo tatu, ni hii: aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Kama hujui Safari ilikuwa mnyama gani, sikiliza. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968, mvua ikanyesha tena, wakamaliza 7 tena. Kumaliza 19 kati ya 22 katika mashindano kama hayo ni kazi ya makanika anayesikia gari likilalamika kabla halijavunjika. Anajua dakika gani ya kutumia na dakika gani ya kuweka akiba.

Upande wa pili wa dunia, mwaka huohuo wa 1932, Novemba, alizaliwa Jack Heuer, mtoto wa ukoo wa watengenezaji saa wa Uswisi. Mwaka 1958 naye alishiriki mbio za magari, akiwa msoma ramani. Kwenye dashibodi kulikuwa na saa ya kampuni ya familia yake, iliyoitwa Autavia. Akaisoma vibaya kwa dakika moja. Wakapoteza ushindi, wakamaliza wa tatu. Fikiria: mtu anaangushwa na saa yenye jina la babu yake!

Alikasirika, na hasira yake ikazaa matunda. Saa ile ya dashibodi iliondolewa, na jina Autavia likapewa saa ya mkononi mwaka 1962. Mwaka uliofuata, 1963, akatoa Carrera, jina alilolitoa kwenye mbio za Carrera Panamericana za Mexico. Uso wake ulikuwa mweupe wa mawazo: mistari michache, nafasi ya kutosha, ili jicho lililochoka kwenye gari linalorukaruka lisikosee. Huo usafi ambao leo unauzwa kama mtindo ulianza kama dawa ya kosa la dakika moja.

Mtu wa pili wa Kericho ni Wilson Kiprugut. Tokyo, Oktoba 1964, fainali ya mita 800. Kenya ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Peter Snell wa New Zealand alishinda kwa 1:45.1, Bill Crothers wa Kanada akafuata kwa 1:45.6. Kisha wakaja wawili, Kiprugut na George Kerr wa Jamaica, na wote wakaandikiwa muda uleule: 1:45.9. Saa ilisema ni sare. Waamuzi wakampa Kiprugut shaba. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, na ilipatikana ndani ya nafasi ambayo sehemu ya kumi ya sekunde haikuweza kuionyesha. Miaka minne baadaye, Mexico, akachukua fedha kwa 1:44.5.

Ukimweka Mehta wa 1973 kando ya Kiprugut wa 1964, unaona kitu kimoja. Saa hupima mpaka inapofikia kikomo chake. Baada ya hapo, binadamu anaingia kuamua. Na binadamu anaamua vizuri tu kama kumbukumbu zimetunzwa vizuri.

Huku kwenye chai wanajua hili bila kuambiwa. Mchumaji analipwa kwa kilo, lakini kilo inakimbizana na muda. Jani likishakatwa linaanza kubadilika. Likikaa sana kwenye kituo cha kununulia, lori likikwama kwenye tope, ubora unashuka kabla halijafika kiwandani. Tope lilelile lililomfanya Joginder kuwa hadithi ndilo linalompunguzia mkulima pesa. Tofauti ni kwamba dakika za mkulima hakuna anayezisimamishia kronografu.

Sasa twende kwenye doo. Desemba 1969 Seiko ilitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi, na miaka michache baadaye saa za kwazi zikawa rahisi na sahihi kuliko karibu kila saa ya magurudumu. Kronografu za mbio zikaonekana za kizee. Wengi waliziuza bei ya kutupa au kuzifungia droo. Halafu upepo ukageuka. Oktoba 2017, New York, Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji na dereva wa mbio Paul Newman ilinadiwa kwa dola 17,752,500. Ni chuma kilekile, kazi ileile ya kuhesabu sekunde. Kilicholipiwa ni mkono uliokivaa.

Wakusanyaji wana neno moja linalonichekesha. Uso mweusi wa saa ya zamani ukichomwa na jua miaka mingi hadi kuwa kahawia, wanauita "wa tropiki", na bei inapanda. Jua letu, linaloharibu rangi ya mabati na viti vya matatu, likifika kwenye saa ya Uswisi linaitwa sifa. Lakini usilicheke sana, kwa sababu ndani yake kuna funzo: alama ya matumizi ni ushahidi. Saa iliyopakwa rangi upya inang'aa na haisemi kitu.

Mitaani Nairobi utauziwa "Daytona" kwa bei ya viatu. Kabla hujalipa, bonyeza vile vitufe. Kwenye nyingi havifanyi kitu, na vile visahani vitatu vimechorwa tu. Ni picha ya saa. Sisemi usivae, kila msee na mtindo wake. Ila ujue unavaa sura ya kazi ambayo haifanyiki.

Na kama kuna droo huko nyumbani, Longisa au kwingine, yenye saa ya zamani ya babu au guka, tafadhali usikimbilie kuing'arisha. Usimwache fundi abadilishe uso wala mishale kwa sababu "imezeeka". Tunza karatasi zake, kasha lake, hata mkanda uliokatika. Kisha kaa na wazee uulize: aliipata wapi, aliivaa akifanya kazi gani, ilisimama lini? Andika majibu, na tarehe.

Nasema hivi kwa sababu mizani yetu ya kumbukumbu imeinama. Saa iliyotoka kiwandani Uswisi mwaka 1963 ina namba yake ya usajili, na kuna watu duniani wanaoweza kukuambia ilitengenezwa mwaka gani. Waliokaa usiku kwenye vituo vya ukaguzi vya Safari wakiandika dakika kwa kalamu, mvua ikipiga hema, majina yao hayanadiwi popote. Vijana waliosukuma magari kutoka kwenye matope pia hawana namba ya usajili.

Safari ya leo inapimwa kwa njia nyingine. Ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake Naivasha, kwenye njia zilizofungwa, na mwaka 2023 Sébastien Ogier alimshinda Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7. Mashine zinarekodi kila kitu, na hakuna dereva anayehitaji kronografu mkononi kushinda.

Joginder alifariki Oktoba 2013, Kiprugut Novemba 2022. Muda wao bado uko kwenye vitabu vya matokeo: mara 19 kati ya 22, 1:45.9. Namba hizo hazipandi bei wala hazishuki. Kilichobaki ni sisi kujua zilitoka wapi, na kuziongezea majina ya wale ambao hawakuandikwa, wakati bado kuna wazee wa kuulizwa.