1967: Mwaka Englebert ilichukua Kikombe cha Afrika bila mechi ya mwisho kuchezwa

Kamatanda, Likasi. Mushabiki wa TP Mazembe anahesabu haraka vikombe vitano vya mabingwa wa Afrika: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Kile cha kwanza ndicho kiko na maneno mingi.

Mwaka ule ulianza na majina mapya. Katika 1966, Jadotville ilikuwa imegeuka Likasi, na Élisabethville ikawa Lubumbashi. Mwanzo wa 1967 serikali ya Mobutu ikakamata mali ya Union Minière, na wafanyakazi wa Shituru wakajikuta chini ya kompani mupya, Gécomin, ambayo kisha iliitwa Gécamines. Mwezi wa 6, franka nazo zikaondoka: franka 1000 zikawa zaïre 1. Lakini timu kubwa ya Lubumbashi iliendelea kuitwa Englebert, jina la kompani ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya magurudumu ya motokari. Wamisionere Wabenedikto ndio waliianzisha katika 1939, ikiitwa Saint-Georges. Jina Mazembe lilikuja nyuma, wakati wa authenticité.

Mwezi wa 11, Englebert ikafika finali ya Kikombe cha Afrika, juu ya Asante Kotoko ya Ghana. Na Ghana ya wakati ule haikukuwa inchi ya kuchezea: timu yake ya taifa ilikuwa imebeba kikombe cha mataifa mara mbili mufululizo, 1963 na 1965. Kule Kumasi wakatoka 1-1. Wiki moja nyuma, kule Kinshasa, 2-2. Ukijumlisha, 3-3.

Hapo ndipo mambo yanakuwa magumu. Kotoko ilikuwa imefunga magoli mawili ugenini, Englebert moja tu. Kwa sheria ya goli la ugenini, ile tunayoizoea leo, kikombe kingeenda Kumasi usiku uleule. Ulaya ilikuwa imekwisha kuanza kuitumia katika moja ya mashindano yake, lakini Afrika bado. Kwa hiyo CAF ikapanga mechi ya tatu, katika inchi isiyokuwa ya upande wowote, Cameroon.

Englebert ikafika. Kotoko haikuonekana. CAF ilikuwa imepeleka habari kwa shirikisho la mupira la Ghana, na shirikisho lile halikuijulisha timu yake. Barua moja iliyobakia ofisini, basi, na kikombe kikaja Katanga.

Mutu wa Kumasi ana haki ya kukasirika, lakini kasirani yake ielekee Accra, si Lubumbashi. Englebert haikuomba ushindi wa bure: ilikuwa imetoka sare ugenini mbele ya watu wa Kotoko, kisha ikasafiri tena kutafuta mechi ya kukata maneno. Timu inayofika uwanjani haiwezi kulaumiwa juu ya ile isiyofika.

Tena, jibu la uwanjani halikuchelewa. Mwezi wa 1 mwaka 1968, kule Addis Ababa, Kongo na Ghana zikakutana katika finali ya kikombe cha mataifa. Kongo ikashinda 1-0, na goli lilikuwa la Kalala, muchezaji wa Englebert. Mwaka uleule Englebert ikatetea kikombe chake: 5-0 juu ya Étoile Filante ya Lomé katika mechi ya kwanza, kisha ikapigwa 4-1 kule Togo, lakini hesabu ilikuwa 6-4. Hapo hakukuwa tena na barua ya kuzungumuzia.

Kotoko nayo haikusahau. Finali ya kikombe cha 1970 ilichezwa mwezi wa 1 mwaka 1971, timu zilezile mbili. Kumasi, 1-1 tena, kama vile 1967. Halafu Kotoko ikakuja Kinshasa, ikashinda 2-1, na kikombe kikapanda ndege kwenda Ghana.