Kamera, Fagia na Laptopu ya 2016

Laptopu yangu ilizima Jumanne usiku, katikati ya sentensi. Sentensi yenyewe siikumbuki mpaka leo. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue aliifungua, akainusa ubao wake kama mtu anayenusa maziwa, akasema, "Brathe, hii imeenda. Nikitengeneza utarudi hapa baada ya mwezi ukinitukana." Nilikuwa na shilingi 22,000 kwa M-Pesa, makala mbili za kukabidhi kabla ya Jumatatu, na kodi ya keja yangu Umoja iliyokuwa inakaribia.

Chaguo zilikuwa tatu. HP EliteBook 840 G3 ya 2016, ile wanaita "ex-UK", 21,000. Ndugu yake G5 ya 2018, 31,000. Ama mpya kabisa, bado iko kwa boksi, 29,000: prosesa ya Celeron, memori ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao usiweze kuongeza, na nafasi ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inakula karibu nusu. Hiyo mpya niliiondoa kichwani haraka, ingawa nakiri harufu ya boksi ilinishika kidogo. Vita vilibaki kati ya mzee na mdogo wake.

Nikampigia mathe. Mathe ameuza mitumba Gikomba tangu kabla sijazaliwa, na kwa mambo ya kununua kitu kilichotumika namwamini kuliko mtu yeyote. Bale likikatwa asubuhi, wateja wa kwanza hulipia haki ya kuchagua. Zile nguo safi kabisa huitwa kamera. Zinazobaki jioni, zimeshikwashikwa na kukanyagwa, ni fagia. "Hakuna mtu ashawahi kuniuliza hii shati ilishonwa mwaka gani," aliniambia. "Wanageuza kola, wanaangalia mshono." Halafu akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba ana 9,000 za bale la wiki ijayo na naweza kuzichukua kama nataka ile kubwa.

Sasa ukitaka kuelewa kwa nini jiji hili linajua sana kugeuza kola, tembea kutoka Gikomba mpaka Kamukunji. Ni karibu, na kelele ya nyundo itakuongoza. Kwa miaka mingi mafundi wa pale walipiga mabati juani huku wakifukuzwa na askari wa jiji, ndiyo wakaitwa jua kali. Novemba 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuwaahidi vibanda. Mwaka uliofuata, Waraka wa Bunge Nambari 1 wa 1986 ukaanza kuwazungumzia kama sehemu ya uchumi, si kama uchafu. Mitumba nayo ilibanwa mpaka soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha makontena yakamwagika Mombasa na Gikomba ikavimba. Kizazi cha mathe kililelewa na hayo mambo mawili: kitu cha mtu mwingine kinakuja na meli, na kuna msee mahali anajua kukirekebisha.

Kompyuta zilipita njia hiyohiyo. Ofisi ya Ulaya hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, hata kama zinafanya kazi, na zile za zamani hutafuta pa kwenda. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzirekebisha na kuzipeleka shuleni. Cyber za mtaa zilijaa mashine za aina hiyo. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti. Mimi nilijifunza kuchapa kwa cyber, bob moja kwa dakika, kwenye kibodi ambayo herufi A ilikuwa imefutika kabisa. Ile laptopu ya serikali iliyoahidiwa kila mtoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013 iligeuka kuwa tableti miaka mitatu baadaye. Kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshapita huko zamani. (Neno lenyewe la shule, kipakatalishi, sijawahi kusikia likitamkwa dukani.)

Si kila mtu alifurahia hizo meli. Uganda, kwenye bajeti ya 2009, ilitangaza kupiga marufuku kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa hofu ya taka. Kenya haikufuata, lakini kwa magari sisi wenyewe tuna mstari mkali: sheria ya miaka minane. Mwaka 2025 gari lililotumika hukuruhusiwa kuliingiza kama lilisajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018.

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kompyuta nazo zilikuwa zimechorewa mstari, tena karibu mahali palepale. Windows 11 ilipotoka 2021, Microsoft ilisema prosesa za Intel zinakubaliwa kuanzia kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikakoma kuitunza Windows 10 kwa kawaida. G5 ya 2018 ina kizazi cha nane. G3 ina cha sita. Sheria ya magari iliwekwa hapa kwetu, unaweza kuilaumu serikali yako. Huu mstari mwingine ulichorwa Marekani, na mashine ambayo jana ilikuwa kamera ikaamka fagia bila hata skrubu moja kulegea.

"Ndiyo maana zimejaa," fundi aliniambia akinionyesha rundo la G3 lililofika kiunoni. "Ofisi za huko zinazitupa."

Na zikitupwa hapa zinaenda wapi? Kutoka kwangu Umoja si mbali. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, na 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Malori bado yanaingia. Mwaka 2007 utafiti wa UNEP uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Siwezi kusema risasi hiyo ilitoka kwa kompyuta. Pale kunachomwa kila kitu. Lakini bodi za kompyuta za zamani zina risasi kwenye lehemu. Kuna kituo cha kuchakata taka za elektroniki, WEEE Centre, kilichoanzishwa 2012, tena huku huku Eastlands. Sijui msee hata mmoja wa ploti yetu aliyepeleka simu yake huko. Tunampa mtu wa mkokoteni, anatupa hamsini, biashara imeisha.

Kwa hivyo niliigeuza G3 kola, kama mathe. Skrubu za chini zinafunguka. Memori ina nafasi mbili, unaongeza mwenyewe. Diski inatoka, betri inabadilishwa. Bawaba ilikuwa imara, betri ilikuwa imechoka. Kazi yangu ni kuandika na kusoma kurasa za intaneti. Linux Mint inafanya hayo bila kuuliza kizazi. Kama ningekuwa nahariri video, au kama ningekuwa na mteja anayetaka programu za Windows tu, ningechukua G5 na kumlipa mathe polepole. Lakini 9,000 zake zilikuwa bale. Mathe asipokuwa na bale hana wiki.

Nilimpigia kumwambia akatie bale lake. Nilipata G3 kwa 20,500, baada ya kulalamikia betri kwa robo saa.

Kibodi ni ya Uingereza kweli. Pale juu ya 3, ambapo vidole vyangu vinatafuta alama ya reli, pana alama ya pauni. Ankara ya kwanza niliyotuma ilisomeka "Nambari £14", na mhariri akajibu akiuliza kama siku hizi nalipisha kwa pauni.