Mvuke wa mafuta unavyozima injini za ndege ndogo Arusha

WAPISHI wa Arusha wanajua kuwa maharage huko huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Sababu ni mwinuko: maji huchemka yakifikia nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Kanuni hiyo hiyo huisumbua petroli ndani ya mabomba ya ndege ndogo, na inaweza kuzima injini angani.

Uwanja wa Ndege wa Arusha, ulioko Kisongo, magharibi mwa jiji, uko takriban mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Rubani anayepaa hadi usawa wa kilele cha Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, hukuta kanieneo ya hewa imebaki kidogo zaidi ya nusu ya ile ya pwani. Hapo petroli iliyopashwa joto na injini hugeuka mvuke mapema, pampu hushindwa kusukuma mapovu, na injini huanza kukohoa.

Ndege za kiwandani hujaribiwa dhidi ya tatizo hili kabla ya kupewa cheti. Kwa ndege iliyoundwa na mwenyewe, aliyepitisha mabomba ni yeye, na kasoro yaweza kujificha kwa miezi, kwani asubuhi ya baridi kila kitu huenda sawa.

Mfano ni injini ya Rotax 912 ya Austria, inayopendwa na waundaji hao na iliyofungwa pia katika ndege za Skyleader, ambazo kampuni ya Airplanes Africa Limited ilianza kuziunganisha Morogoro katika miaka ya 2020. Injini hiyo huwa na bomba la kurudisha tangini mafuta ya ziada pamoja na mapovu yake. Ndani yake mna kizuizi chenye tundu dogo. Kikiziba, mvuke hukosa njia. Kikisahauliwa, mafuta mengi mno hurudi na presha kwenye kabureta hushuka.

Dalili ya kwanza ni sindano ya geji ya presha ya mafuta kutikisika. Fundi azime injini, awashe pampu ya umeme, akinge mafuta yanayorudi kwenye chombo kwa dakika moja na kuyapima. Akague pia tundu la hewa la tangi, pamoja na viungo kabla ya pampu, kwani kiungo kilicholegea huvuta hewa na kuleta mapovu yanayofanana kabisa na mvuke. Mabomba yaliyo karibu na ekzosi yavikwe kinga ya joto. Aidha, mafuta yarudi kwenye tangi lile lile yanakotoka, la sivyo tangi jingine litafurika na mafuta kumwagika nje huku rubani akidhani bado anayo.

Petroli ya magari huchemka kirahisi kuliko ile maalumu ya ndege, hasa ikichanganywa na ethanoli.

Saa ya hatari zaidi ni kuondoka tena baada ya kuegesha kwa muda mfupi juani, injini ikiwa bado moto. Pua ielekezwe kwenye upepo, na pampu ya umeme iachwe ifanye kazi kidogo ili mafuta ya moto yarudi tangini. Kisha injini ijaribiwe kwa nguvu zote breki zikiwa zimeshikwa. Sindano ikitikisika, ndege irudishwe kwenye maegesho.