Virusi vya Disketi: Vilivyoingia na Vilivyotolewa

Kirusi cha kuwashia kompyuta hakijifichi ndani ya faili. Hukaa katika sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu, ambayo mashine huisoma kabla ya kitu kingine chochote. Brain, cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM, kiliandikwa Lahore, Pakistani, mwaka 1986 na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walioacha humo majina yao na namba za simu. Mwaka 1987 kikatokea Stoned huko New Zealand, na baadaye, kutokana nacho, Michelangelo, kilichoharibu data kila ifikapo tarehe 6 Machi.

Kenya ilianza kupata intaneti ya biashara katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo kazi ya kompyuta ilihamishwa kwa disketi, mkono kwa mkono, na njia hiyo ndiyo iliyovifaa virusi hivi. Wengi waliamini kuwa disketi isiyo na programu haina madhara. Sivyo. Ikisahaulika ndani ya mashine na kompyuta ikawashwa, ujumbe wa kwamba disketi hiyo haiwezi kuwasha mashine huonekana wakati kirusi kimekwisha kuhamia kwenye diski kuu.

Dalili ilipatikana kwa amri ya CHKDSK ya mfumo endeshi wa DOS. Mashine yenye kumbukumbu ya kilobaiti 640 huonyesha baiti 655,360. Iliyoshikwa na Stoned ilionyesha 653,312, kwa kuwa kirusi kimejitengea kilobaiti mbili.

Kukitoa kulihitaji utaratibu. Kompyuta ilizimwa kabisa, maana kirusi huishi katika kumbukumbu, kisha ikawashwa kwa disketi safi iliyofungwa isiandikike. Amri ya SYS C: iliandika upya sekta ya kuwashia DOS, na FDISK /MBR, iliyokuja na DOS 5 mwaka 1991, ilisafisha sekta kuu, yaani ile ya kwanza kabisa ya diski kuu. Kufomati diski hakukusaidia, kwani sekta kuu haiguswi. Hata hivyo FDISK /MBR ilikuwa ya hatari kwa kirusi kama Monkey, ambacho huhamisha na kuficha jedwali la sehemu za diski: aliyeitumia kwa pupa aliweza kupoteza njia ya kufikia data yote. Ilipasa kwanza kuhakikisha kuwa diski C inaonekana baada ya kuwasha kwa disketi safi.

Kinga ilikuwa rahisi kuliko tiba: kuagiza mashine ianze na diski C, yaani diski kuu, badala ya A, ya disketi, kufungua kidirisha cha disketi ya inchi 3.5, au kubandika karatasi kwenye pengo la ile ya inchi 5.25.

Tangu mwaka 2002, Computers for Schools Kenya hukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Mwalimu wa Vanga au Msambweni anayepokea mashine kuukuu yenye kisomeo cha disketi na aangalie mpangilio huo wa kuwasha kabla ya kuingiza disketi yoyote ya zamani.