Ulinganishi wa namba za nukta elea katika baitikodi

Ulinganishi wa namba za nukta elea ni sehemu ya kazi ya kompaila inapogeuza alama kama < na >= kuwa baitikodi, yaani amri za mashine pepe. Hitilafu nyingi hapa huzaliwa na NaN, thamani inayoshika nafasi ya jibu lisilo namba, kama la sifuri kugawanywa kwa sifuri. Kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, NaN si ndogo, si kubwa wala si sawa na chochote, hata yenyewe. Alama za <, <=, >, >= na == zikikutana nayo hutoa «hapana»; != hutoa «ndiyo».

Tuseme programu inasoma kimo cha maji ya Mto Kongo kwenye maporomoko ya Wagenia, Kisangani, ambako wavuvi hutega vikapu kwenye miti iliyosimikwa majini, na kuandika «salama» iwapo kimo < kikomo. Kipimo kikiharibika na kuleta NaN, neno hilo halipaswi kutokea.

Mashine pepe ya Java hulinganisha namba za nukta elea za biti 64 kwa amri ya dcmpl au dcmpg. Zote huweka -1, 0 au 1 kwenye steki. Tofauti yao ni NaN tu, ambapo dcmpl huweka -1 na dcmpg 1. Kompaila kwa kawaida huligeuza sharti: huruka agizo la kuandika iwapo kimo si kidogo, kwa amri ya ifge, inayoruka iwapo thamani ya steki ni 0 au zaidi. Hivyo < inadai dcmpg: NaN huleta 1, ifge huruka. Ikiwekwa dcmpl, NaN huleta -1, ifge hairuki, na wavuvi hutangaziwa usalama ambao hakuna aliyeupima. Kwa > mambo hugeuka: dcmpl, kisha ifle, inayoruka iwapo thamani ni 0 au chini yake.

Marekebisho sahihi ni kuchagua amri kwa alama aliyoandika mwanaprogramu, kabla sharti halijageuzwa. Kuibadili !(x < y) kuwa x >= y ni halali kwa namba kamili; kwa nukta elea ni kosa, hata kama majaribio ya kawaida yanapita. Katika baitikodi ya .NET, amri ya bge.un (ruka iwapo kubwa au sawa) huruka pia penye NaN, na ndiyo inayofaa kuruka sharti la <.

Majaribio yaweke NaN kushoto, kulia na pande zote mbili, kwa kila alama, ndani ya if na nje yake. Hesabu zinazokamilishwa wakati wa kukompaili nazo zijaribiwe, kwa kuwa hazipiti kwenye amri hizi kabisa.