Gari kuukuu jepesi la mbio fupi: Jinsi linavyoundwa, na kisichofaa kupunguzwa

HOTIRODI ni jina ambalo Wamarekani wamelipa gari kuukuu, aghalabu Ford iliyoundwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, lililovuliwa kila kisichohitajika na kutiwa injini yenye nguvu kupita ile liliyotoka nayo kiwandani.

Mbio za dragi nazo ni mashindano ya magari mawili yanayosimama sambamba, taa ikiwaka yakafyatuka kama mshale. La kwanza kufika mwisho wa robo maili, yaani mita 402, ndilo mshindi. Hakuna kona, hakuna mlima, hakuna matope. Msomaji aliyezoea Safari Rally, ambako gari hutakiwa kustahimili mamia ya kilomita za mawe na vumbi, huenda akauona mchezo huu kuwa wa kufumba na kufumbua. Hata hivyo, sekunde hizo chache zimezaa fani nzima ya ufundi, na msingi wa fani hiyo ni wepesi.

Makala haya yanaeleza jinsi gari la aina hiyo linavyoundwa. Mtu anayeanza kazi hii hujiuliza atoe nini garini. Fundi aliyekomaa huanza kwa swali jingine: ni kipi ambacho hathubutu kukitoa?

Asili ya mchezo

Katika miaka ya 1930, vijana wa kusini mwa California waliyapeleka magari yao kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kama vile Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare mithili ya meza. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda SCTA, chama cha kusimamia upimaji wa kasi. Huko gari lilikuwa na nafasi ndefu ya kuchapuka, na adui wake mkubwa alikuwa upepo wala si uzito. Hata sasa, baadhi ya wanaosaka kasi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, ambako mashindano ya SCTA yalianza mwaka 1949, huongeza vyuma vizito ndani ya magari yao ili tairi zishike.

Baada ya vita, mbio za masafa mafupi zilishamiri, na nyingi zilifanyika usiku katika barabara za umma. Polisi na magazeti waliwaona vijana hao kuwa wahuni. Mwaka 1950, C.J. Hart na wenzake walifungua kiwanja cha mbio hizo kwenye barabara ya ndege huko Santa Ana. Mwaka uliofuata Wally Parks, aliyekuwa mhariri wa jarida la Hot Rod, akaanzisha chama cha NHRA kwa nia ya kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali penye kanuni.

Mwaka 1954, NHRA ilituma kikosi kidogo kuzunguka Marekani kikiwafundisha watu kuandaa mbio salama. Msafara huo uliitwa Drag Safari, na hivyo neno letu la Kiswahili likapata makao katika mchezo wa Kimarekani. Kikosi cha usalama cha chama hicho kimeendelea kujulikana kama Safety Safari.

Ni huko Santa Ana, mwaka 1950, ambako Dick Kraft aliendesha Ford Model T iliyovuliwa bodi karibu yote, ikabaki chasisi, injini na kiti. Wengi huihesabu kuwa mzazi wa magari ya dragi yasiyo na bodi. Wapinzani wake walijionea kwamba katika robo maili kilo moja iliyoondolewa ina faida, hata kama gari halipendezi machoni.

Hesabu ya uzito

Wepesi una faida gani hasa? Ipo kanuni ya makadirio inayotumiwa na mafundi wa mbio: muda wa kumaliza robo maili huenda sambamba na kipeuo cha tatu cha uzito ukigawanywa kwa nguvu za injini. Tuchukue gari lenye uzito wa kilo 1,000 pamoja na dereva, na injini ya nguvu 200 za farasi. Likishika barabara vyema, litamaliza kwa sekunde 13 hivi. Lipunguzwe hadi kilo 800, muda utakuwa takriban sekunde 12. Ili kuipata sekunde hiyo moja bila kupunguza uzito, injini ingehitaji kufikishwa nguvu 250 za farasi.

Nguvu hizo 50 hugharimu pesa, tena huongeza mzigo kwenye klachi, giaboksi na ekseli. Kilo 200 zikiondolewa kwa busara hupunguza mzigo kwenye viungo vyote, breki zikiwemo. Hii ndiyo sababu fundi mwenye mfuko mwembamba huanza na mizani kabla ya kununua kabureta.

Kuchagua gari

Magari matatu ya Ford ndiyo yaliyotawala fani hii. La kwanza ni Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15 kwa jumla. Ni dogo na jepesi mno. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kilo 540 hivi. La pili ni Model A, lililofuata hadi 1931. La tatu ni Ford ya 1932, iliyokuja na injini ya V8 ya lita 3.6 na nguvu 65 za farasi, ambayo ilikuwa V8 ya kwanza kuuzwa kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida angeimudu.

Kwa mbio, bodi inayopendelewa ni rodista, yaani gari la wazi lisilo na paa la chuma wala vioo vya milango. Madigadi, bampa, boneti na vikanyagio vya pembeni huondolewa kwanza. Huo ni uzito unaotoka kwa spana tu, bila kukata chochote, na unaweza kurudishwa siku yoyote.

Hapa pana jambo la kutafakari. Bodi asili za chuma za 1932 zimekuwa adimu na ghali. Bodi iliyodumu zaidi ya miaka 90 ikikatwakatwa kwa ajili ya mbio, haitarudi tena. Aliyenayo nzima afadhali aihifadhi, naye mshindani atumie bodi mpya ya faibaglasi iliyofuata umbo la zamani. Faibaglasi ni nyepesi, haina kutu, na ikipasuka huzibwa. Upungufu wake ni kwamba haina nguvu ya kumlinda dereva, kwa hivyo ulinzi wote lazima utoke kwenye chasisi.

Chasisi na springi

Chasisi ya Model T hupindika kwa urahisi inapotiwa injini kubwa. Ndiyo maana tangu zamani mafundi wamekuwa wakiweka bodi za T na A juu ya chasisi ya 1932, iliyo imara zaidi, au kuunda mpya kwa mabomba ya chuma.

Mabomba huwa ya aina mbili kuu: chuma laini cha kawaida na kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu. Wengi hudhani kromoli ni nyepesi kwa asili. La hasha! Ukichukua vipande viwili vya ukubwa ule ule, uzito wake unakaribia kulingana. Faida ya kromoli ni kwamba ina nguvu zaidi, kwa hivyo bomba lake huweza kuwa jembamba ukutani. Kwa bomba la kipenyo cha milimita 44.5, kanuni za NHRA za upinde wa kinga hutaka ukuta wa milimita 3 ukitumia chuma laini, au milimita 2.1 ukitumia kromoli. Mita moja ya bomba la kwanza ina kilo 3.1, ya pili ina kilo 2.2. Hata hivyo, kromoli hutakiwa kuchomelewa kwa njia ya TIG, na hairuhusiwi kusaga weldi ili ipendeze, kwani msasa huo huondoa chuma pale pale kinapohitajika.

Ford za zama hizo zilikuwa na springi moja ya majani iliyolazwa kukingama, mbele na nyuma. Gari likishapunguzwa uzito, springi hiyo huwa ngumu kupita kiasi, na baadhi ya majani yake hutolewa. Huko mbele, ekseli ya bomba iliyotoka kwenye Ford ndogo za V8 za kuanzia 1937 ilipendwa mno kwa wepesi wake.

Injini na giaboksi

V8 ya zamani ya Ford, yenye valvu ndani ya bloku, ndiyo iliyobeba jina la hotirodi kwa miaka 20. Udhaifu wake ni joto: njia za moshi hupita ndani ya bloku kati ya silinda, hivyo maji huchemka upesi. Vichwa vya alumini, vilivyouzwa na mafundi kama Vic Edelbrock, vilisaidia kuongeza nguvu na kupunguza kilo. Alumini ina theluthi moja hivi ya uzito wa chuma.

Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 yake ndogo ya lita 4.3, iliyoanzia nguvu 162 za farasi huku uzito wake ukikaribiana na ule wa Ford kuukuu. Tangu hapo imekuwa chaguo la walio wengi. Mwenye kutaka kubaki katika uzamani kamili hushikilia V8 ya Ford. Mwenye kutaka ushindi kwa gharama nafuu huchukua Chevrolet. Yote mawili ni halali, mradi ajue anataka nini kabla ya kukata chuma cha kwanza.

Kwa giaboksi, Powerglide ya gia mbili, iliyotolewa na kava la alumini mwaka 1962, imeendelea kupendwa katika mbio hizi. Ni nyepesi, na gia mbili hutosha kwa gari lisilo na uzito mkubwa.

Mafuta nayo ni mzigo. Robo maili haihitaji tangi kubwa, hivyo la lita 50 hutolewa na kuwekwa la alumini la lita chache.

Uzito ukae wapi

Gari linapofyatuka, uzito huhamia nyuma, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Gari jepesi ambalo uzito wake wote uko mbele litazungusha tairi papo hapo na kutoa moshi mwingi bila mwendo. Ndiyo maana injini husogezwa nyuma, na betri huhamishiwa mahali pa buti. Betri ikihamishwa, kanuni hutaka swichi kuu inayofikika kutoka nje, ili mwokoaji aweze kukata umeme.

Tahadhari ni kwamba ukizidisha mzigo wa nyuma, magurudumu ya mbele huinuka na usukani hauna kazi tena. Fundi hupima kila gurudumu kwa mizani yake, dereva akiwa ameketi kitini.

Kisichopunguzwa

Breki ni za kwanza. Ford zilitumia breki za vyuma na vijiti hadi 1938. Za mafuta zilikuja 1939. Gari linalovuka mstari likiwa na kasi ya kilomita 180 kwa saa haliwezi kutegemea vijiti. Breki za haidroliki huongeza kilo kidogo, na hizo zikubaliwe.

Pili ni upinde wa kinga nyuma ya dereva. NHRA huutaka kwa magari ya wazi yanayokimbia kwa sekunde 13.49 au chini ya hapo. Sharti upite kofia ya dereva kwa sentimita 7.5 au zaidi, na uwe karibu na kichwa chake, ndani ya sentimita 15.

Tatu ni klachi na giaboksi. Vyuma hivi vikipasuka kwa mzunguko mkali huruka kama vipande vya bomu. Mnamo Machi 1970, giaboksi ya Don Garlits, bingwa aliyetajika, ilipasuka katika kiwanja cha Lions huko California na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Alipopona aliunda gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo mwaka 1971, na muda si mrefu wenzake wakafuata. Hotirodi yenye injini mbele haina bahati hiyo: miguu ya dereva iko karibu kabisa na giaboksi. Kava la chuma la kuzuia vipande, pamoja na pete ya kushikilia propela ikikatika, havina mbadala.

Nne ni usukani. Tangu kale mafundi hutoboa matundu katika vyuma ili kuvipunguza uzito, na matundu yamekuwa kama pambo la hotirodi. Yafaa kwenye vishikizo vya kiti na mabano ya taa, yawe katikati ya bamba, na kingo zilainishwe kwa sababu ufa huanzia palipokwaruzwa. Kwenye mikono ya usukani hayafai hata kidogo. Aidha, kuchovya vyuma hivyo katika kromiamu ili ving'ae huweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma na kukifanya kivunjike ghafla bila kupinda kwanza.

Kabla ya kuingia uwanjani

Fundi mwangalifu huwa na daftari. Kila kinachotoka hupimwa na kuandikwa, na kila kinachoingia vivyo hivyo. Mwisho wa kazi hujua kilo zimetoka wapi. Kisha gari hujaribiwa kwa umbali mfupi, bolti zote zikazwe upya, weldi zikaguliwe, ndipo robo maili ijaribiwe.

Wakaguzi uwanjani huliweka gari kwenye mizani, nayo husoma jumla tu. Haioneshi kama kilo tano zilizopungua zilitoka kwenye zulia na madigadi, ama kwenye bomba lililopaswa kuikinga shingo ya dereva. Hilo limo katika daftari la fundi, na anayekaribia kuketi kwenye kiti hicho ana haki ya kulisoma.